Doa la Goti

Mimi watu wanyanyuao vyuma sijapata kuwaelewa, na kwa umri huu sitawaelewa tena. Mwanamume mzima, kashiba wali wa nazi aliopikiwa na mamake, anainama, anavimba mishipa ya shingo, anakitoa chuma chini mpaka juu ya kichwa, anatetemeka nacho kidogo, kisha anakiachia kianguke pale pale alipokitoa. Imekwisha hiyo. Kitu hakikuhama hata shubiri. Hamali akibeba gunia angalau gunia linafika dukani. Na bado wenzake wanampigia makofi, wanampa pole, wanampepea kwa taulo kama mzazi wa juzi.

Klabu yao ilikuwa Shika Adabu, huku kwetu Likoni, nyuma kidogo ya nyumba yangu. Banda la mabati, ndani joto la tanuri na harufu ya soksi. Mwenyekiti wao alikuwa shemeji yangu Mohdhar, ndugu wa marehemu mume wangu. Huyo hajapata kunyanyua kitu kizito kuliko kikombe cha kahawa, lakini alikuwa na tumbo, alikuwa na kofia nzuri ya viua, na alikuwa na filimbi shingoni, basi wakamfanya mwenyekiti. Filimbi yenyewe aliivaa mwaka mzima na sikupata kuisikia ikilia.

Mimi ni Barke, mpaka hina. Kuanzia feri mpaka Mtongwe, bibi harusi asiyepakwa na mimi watu waliuliza kwani kuna nini. Hina napaka, na piko napaka, ile nyeusi inayong'ang'ania ngozi wiki nzima na zaidi, maji hayaiwezi wala sabuni haiwezi. Mkono wangu hautetemeki. Sijisifu. Ndio mkono uliomlea mwanangu Idarus tangu babake alipofariki, na siku watu wakisema mkono wa Barke umeharibika, siku hiyo jiko langu limezimika.

Huyo Idarus naye alikuwa mnyanyua vyuma. Mwanangu wa pekee! Mzuri wa sura, mabega mapana, na mvivu wa kupigiwa mfano. Kioo cha chumbani kilimjua kuliko nilivyomjua mimi. Akitoka klabuni hupita kwanza kwenye kioo, ajipinde, ajitazame ubavu, ajitazame mgongo, ndipo anikumbuke kuniuliza kuna chakula gani. Bandarini alikuwa kibarua, siku anaitwa, siku anarudishwa langoni. Na alikuwa amemtaka Mwanasiti, msichana niliyekuwa nikimfunza kazi yangu ya kupaka. Babake Mwanasiti akasema wazi, mwanangu simpi mtu wa kibarua, akipata kazi ya kuandikwa aje tuzungumze.

Mwaka wa themanini na sita ikaja habari. Kulikuwa na mashindano makubwa Nairobi, na katika uzito wa kina Idarus, Pwani ingepeleka mtu mmoja tu. Kampuni moja ya bandarini yenye timu yake ikasema huyo mmoja itamwandika kazi ya kudumu. Kwa hivyo nafasi ile kwa mwanangu ilikuwa kazi na mke kwa pamoja. Lakini alikuwapo mwengine anayeitaka, Ruwa, kijana wa Kiduruma aliyekuja na feri kutoka Changamwe, kibarua vile vile, na huyo mke alikuwa naye tayari, na mtoto juu. Ruwa akipita mlangoni kwangu lazima aseme "Shikamoo mama," hata kama nimempa mgongo simwoni. Walinyanyua uzito mmoja, yeye na Idarus. Leo huyu akimshinda mwenzake, kesho yule.

Zamani jambo hilo lisingekuwa na maneno. Mohdhar angemchagua mtoto wa nduguye, tukale pilau. Lakini wakuu wa Nairobi walikuwa wamechoka na wenyeviti wa namna ya Mohdhar. Mwaka ule wakasema mtu hachaguliwi kwa mdomo, atapimwa, wakamleta kijana wao wa chuo anaitwa Justus.

Kijana wa bara, mwembamba, miwani, kavaa shati la mikono mirefu kwenye joto la mwezi wa tatu. Akanikuta barazani akaniambia, "Habari yako." Mimi! Mtu wa makamo ya mamake! Nikamjibu nzuri, maana kwao hawakumfunza, nimlaumu yeye kwa lipi. Alikuwa na kamera ya video, na plasta nyeupe alizozikata mviringo. Alichotaka ni mnyanyuaji abandikwe doa kwenye kila kiungo cha upande mmoja, kifundo cha mguu, goti, nyonga, bega, kiwiko, kisha apigwe picha kwa ubavu akinyanyua. Picha ile huisimamisha kwenye televisheni, akatandika karatasi ya plastiki juu ya kioo, akaunganisha doa kwa doa kwa kalamu na rula. Hapo huona goti lilikwenda wapi, nyonga ilipanda lini, na chuma kilipita njia gani. Alisema watu wawili wanaweza kunyanyua uzito ule ule leo, lakini mmoja ananyanyua kwa mwili wote na mwengine anapora kwa mabavu, na huyo wa mabavu hana pa kuongezea kesho. Mohdhar alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno, na wallahi hakuelewa hata moja.

Mashaka yakaanza hapo hapo. Jasho la wanaume wale na joto la banda lile, plasta zikawa zinateleza. Ruwa anainama, doa la goti limeshafika kifundoni. Idarus ananyanyua, la bega limemwangukia kiatuni. Justus akafuta miwani, akabandika upya, zikaanguka upya. Alasiri Mohdhar akaja kwangu mbio mbio, tumbo mbele.

"Shemeji, chukua piko yako uje klabuni."

"Kwani nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa. Hii ni sayansi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini nikavaa buibui langu nikaenda, nikiri ukweli, kwa ajili ya kuwacheka karibu zaidi. Nikawakuta wamepangana kwenye benchi na bukta zao kama watoto wanaongoja ngariba. Justus alikuwa akibonyeza mfupa kwa kidole, anatia alama kwa kalamu, nami napaka juu yake kwa kijiti. Watu wasije wakasema, mtoto wa watu sikumgusa, kilichomgusa ni kijiti. Doa la nyonga Justus alilibandika mwenyewe juu ya bukta, maana kwenye nguo plasta zake zilishika. Wenzao wakapiga vigelegele, "Bwana harusi! Bwana harusi!" Ruwa akacheka nao. Idarus akaona haya mpaka masikio yakamwiva, halafu akajitazama, akaona madoa yanampendeza, haya zikamwishia.

Justus akaniambia, "Mama, doa likienda kando upana wa kidole tu, picha yote inasema uongo." Hilo nikalifahamu mara moja, na lilikuwa neno la kwanza la maana nililolisikia ndani ya banda lile. Nikapaka polepole, doa mviringo, pale pale penye mfupa, kwa mwanangu na kwa mtoto wa mwenzangu sawasawa.

Wakapigwa picha ya kwanza, ya majaribio. Kesho yake Justus akawaonyesha. Ruwa hakuwa na kasoro kubwa, chuma chake kilipanda karibu na mwili, akaambiwa tu asiharakishe mikono. Kwa Idarus akaisimamisha picha, akaweka kidole kwenye kioo. "Goti lako linakwenda mbele na kubaki mbele. Chuma hakina njia, kinalizunguka, kinakwenda mbali na wewe, nawe unakirukia. Kila ukirukia unapoteza nguvu. Lirudishe goti nyuma mapema, utamshinda kila mtu hapa." Akamwonyesha kwa ufagio wa klabu, polepole, tena na tena. Akasema kipimo cha kweli kitakuwa baada ya wiki moja, na hicho ndicho kitakachoamua.

Wiki nzima! Mtu kaambiwa ugonjwa, kapewa dawa, kapewa na muda wa kuinywa. Nikadhani mwanangu atalala na ule ufagio. Badala yake akakaa mbele ya kioo changu siku mbili akilitazama goti lake, tena akiwa amekaa kitako. Siku ya tatu akanijia nikisaga hina kwa jiwe.

"Mama, hebu nisogezea doa hili."

"Nilisogeze wapi?"

"Juu kidogo, na nyuma. Justus asema goti langu liko mbele. Likisogea nyuma, kwenye picha litaonekana liko nyuma."

Nikaacha kusaga. Nikamtazama mtoto niliyemzaa mwenyewe, nikatafuta usoni mwake kama ananitania. Hakuwa anatania.

"Idarus, mlango ukikaa kombo wewe wapaka rangi?"

"Mama, ni doa tu."

"Ni doa langu. Ondoka mbele yangu kabla sijakupaka hili jiwe. Nenda kanyanyue hivyo vyuma kama ulivyofundishwa, au uende ukalale, lakini goti lako lipo hapo alipoliweka Mungu na mimi sisogezi kitu."

Akaondoka kanuna. Tangu siku ile akawa anashinda na kikoi nyumbani, kakiteremsha mpaka kifundoni. Nami nikajiambia mtoto kaona haya, kaanza kuwa mtu. Lo! Mama ni kiumbe mjinga sana.

Siku ya kipimo walijaza ukumbi wa mikutano, maana banda lisingetosha watu. Watu walikuja kama kwenye maulidi, hata wasiojua chuma ni nini. Mimi nikakaa nyuma na kina mama. Nilikuwa nimekuja na leso mpya, nimeshapanga moyoni nani nitamwalika harusini. Basi na mimi nilikuwa mjinga kama wao.

Wakanyanyua. Ruwa akanyanyua mzigo wake vizuri, akauweka chini kwa adabu kama anayerudisha kitu cha kuazima. Idarus akanyanyua uzito ule ule, kwa kelele, macho yamemtoka, akakirukia chuma mbele vile vile kama wiki iliyopita, akaishia karibu na mguu wa meza ya Mohdhar. Lakini alikishika. Watu wakashangilia. Mohdhar akainuka akampangusa jasho kwa leso yake mwenyewe.

Justus akaitia kanda kwenye mashine. Akaisimamisha picha, akatandika plastiki yake, akapima kwa rula. Akarudisha nyuma, akapima tena. Akatoa plastiki ya wiki iliyopita akailaza juu ya ile mpya. Watu wakaanza kukohoa.

"Kipimo cha Ruwa ni kizuri," akasema. "Kwa Idarus kuna tatizo. Wiki iliyopita mguu wake kutoka gotini kwenda kifundoni ulikuwa na urefu huu. Leo umerefuka, na paja limefupika. Mfupa wa mtu mzima haurefuki kwa wiki moja. Doa la goti haliko mahali pake." Akavua miwani. "Nani aliyepaka?"

Alijua ni nani, lakini ilimbidi aulize. Ukumbi mzima ukanigeukia.

Mohdhar ndiye aliyewahi kusema, kama kawaida yake. "Si niliwaambia! Si niliwaambia mambo ya hina ya wanawake tusiyalete kwenye mchezo wa wanaume!" Aliyekuja mbio mlangoni kwangu nani? Tumbo la nani lile? "Basi kipimo kimeharibika chote, cha Idarus na cha Ruwa, mkono ni mmoja. Tukifute. Wazee tupo, macho tunayo, tuchague kwa macho." Na macho ya Mohdhar yalikuwa yameshachagua tangu Idarus alipotahiriwa.

Justus akanijia mpaka nilipokaa. Hakuja kwa kiburi, nimpe haki yake. "Mama," akasema taratibu, "kama mkono wako uliteleza kwa mmoja, siwezi kuuamini kwa mwengine. Itabidi nikifute, na mimi narudi leo hii na kamera si yangu. Mkono uliteleza?"

Nikatazama ile televisheni. Goti la mwanangu lilikuwa pale, kubwa kama sinia, na doa jeusi juu yake, na lile doa lilikuwa na mkia. Mdogo, upande wa chini, kama wa kiluwiluwi. Doa langu halina mkia. Mwenye mkia alikuwa Mwanasiti, kila siku nikimgombeza, msichana wewe, usiinue kijiti kabla doa halijatulia. Alikataa mama, akaenda kwa mchumba.

Nililiona lote kwa wakati mmoja. Nikisema ndiyo, umeteleza, kipimo kinafutwa, Mohdhar anamchagua mtoto wa nduguye, Idarus ana kazi na Mwanasiti ni mke wake. Neno moja tu. Na Ruwa anapanda feri anarudi kwa mkewe na mikono mitupu, na hataambiwa alikosa nini, maana hakukosa kitu. Na mimi, mama gani tena atanipa mikono ya binti yake siku ya harusi, wakati ukumbi mzima wa Likoni umesikia kwa kinywa changu kwamba Barke anateleza?

"Idarus," nikamwita. Alikuwa amesimama pale mbele, taulo shingoni. "Hebu waambie. Mkono wa mamako umeteleza?"

Akatazama kamba za viatu vyake.

"Nakuuliza wewe, mwanangu. Doa hilo ni mkono wangu?"

Kimya. Mohdhar akaniinamia, harufu ya kahawa na karafuu, akaninong'oneza, "Shemeji, kubali tu yaishe. Ni mwanao huyu." Idarus alimsikia, na bado hakuinua kichwa. Alikuwa anangoja. Alikuwa ananingoja mimi nijivue nguo mbele za watu ili yeye avae.

Kimya kile kiliniuma. Nasema wazi, kiliniuma kuliko uchungu wa kumzaa. Angesimama akasema uongo kwa sauti, ndiyo, mama kateleza, ningemdharau, lakini ningejua nimezaa mtu mwenye ulimi. Hata uongo ulimshinda, akataka niuseme mimi.

Nikainuka. Nikapita katikati ya viti mpaka mbele, hakuna aliyenizuia. "Nyosha mguu," nikamwambia.

"Mama, tafadhali."

Hapo ndipo alipoupata ulimi! Nikachukua ile taulo shingoni kwake, nikaikunja ncha, nikainama, nikampangusa goti kwa nguvu, upande wa nje. Poda ikatoka. Poda ya uso, ya mwanamke, imechanganyika na jasho. Na chini yake, pale pale penye mfupa, likatokea doa jengine, la kijivu, lililosuguliwa kwa jiwe na ndimu mpaka ngozi imechubuka, lakini piko haikukubali kutoka. Mviringo. Halina mkia.

"Hili langu," nikasema. "Hilo la juu si langu. Mwenye goti anajua ni la nani."

Jina sikulitaja. Mtoto wa watu mwanamke, nimtaje ukumbini? Justus akapiga magoti, akabonyeza doa langu kwa kidole, akahisi mfupa. Akabonyeza lile la juu, nyama tupu. Akainuka akasema maneno machache tu, kwamba kipimo cha Ruwa ni halali na Ruwa ndiye anayekwenda Nairobi. Watu wakalipuka, huyu anacheka, yule anazomea, na Mohdhar kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaipuliza ile filimbi. Hakuna aliyenyamaza.

Nikatoka nje peke yangu. Ile leso mpya nikaifunga kichwani kwa sababu ya jua, harusi yenyewe sasa haipo.

Ruwa akaenda Nairobi akashika nafasi ya nne. Ya nne! Makelele yote yale, mama na mwana wavuliwe nguo mbele ya mtaa, kwa nafasi ya nne! Lakini kazi aliandikwa. Akaniletea kuku, akasema, "Mama, sijui nikushukuru vipi." Nikamwambia sikufanya kwa ajili yako, wala usijipe sifa hiyo. Kuku nikampokea.

Mwanasiti alikuja akalia, akanibusu mkono, akasema alidhani ni mchezo tu. Nikamwambia machozi yako hayanisaidii, kaa hapo upake madoa kwenye karatasi mpaka huo mkia ukatike. Akakaa. Angalau yeye alikuja.

Idarus hakuja. Alikuwa nyumba moja nami, anakula chakula changu, na baina yetu hakukuwa na neno ila "mama, maji yako wapi" na "mtungini". Klabu akaiacha, au ilimwacha. Akapata kazi ya kuandikwa Shanzu, kwenye hoteli, kubeba masanduku ya wazungu kutoka garini mpaka vyumbani. Vile vile kunyanyua vizito, ila sasa vilikuwa vinafika mahali. Babake Mwanasiti akatafuta tafuta sababu ya kukataa, akaikosa. Mwaka uliofuata harusi ikapangwa.

Kwetu bwana harusi naye hupakwa hina, si kama mwanamke, doa moja tu la mviringo katikati ya kila kiganja. Na Likoni nzima ilikuwa inangoja kuona nani atampaka Idarus. Wengine walisema mamake hatakubali. Wengine walisema yeye ndiye hatamwendea. Watu hawana kazi.

Alasiri ya siku ya hina Idarus akaja, kavaa kanzu, akaketi mkekani mbele yangu. Nilikuwa nimeshavuruga hina. Hakuniomba na mimi sikumwita. Akanyosha mkono wa kulia, kiganja juu, halafu nikamwona anafungua mdomo.

"Kaa kimya," nikamwambia. "Kimya wewe wakiweza."

Akafunga mdomo. Nikakishika kiganja chake. Kilikuwa kigumu, kimeota sugu mpya mahali pa mishikio ya masanduku. Kilikuwa kile kile nilichokikunjua kidole kidole siku alipozaliwa, kuhesabu kama vimetimia. Nikachovya kijiti, nikaweka doa, na mkono wangu, mkono huu ambao hautetemeki, ukanitetemeka. Doa likatoka na mkia.

Nikabaki nalitazama. Hina nyekundu si kama piko, huweza kupanguswa ikiwahiwa, lakini sikuwahi, maana Mohdhar aliingia saa ile ile, kofia mpya, filimbi hana, anatafuta kahawa. Akainama akachungulia kiganja. Macho yake siku ya kazi hayaoni, siku ya ubaya yanaona mpaka unyoya.

"Ee, shemeji!" akasema kwa sauti, wasikie walio uani. "Mbona kombo hili? Mkono ushazeeka huo. Si nilisema mimi, tangu siku ile?"

Walio uani wakanyosha shingo. Mimi nikazidi kukishika kile kiganja.

"Ami," Idarus akasema. Sauti ilimtoka nzito, wakasikia wote waliotaka kusikia. "Mkono wa mama hauna kasoro. Siku ile haukuwa nayo na leo haunayo. Aliyetikisika ni mimi."

Mohdhar akatutazama, akamtazama mwanangu, akanitazama mimi, akaenda kutafuta kahawa yake kwengine. Idarus hakuinamisha kichwa. Alikuwa ananitazama usoni, macho yamemjaa maji, mwanamume na kanzu yake.

Nami nikavuta pumzi, nikapangusa kijiti kwa kitambaa.

"Umechelewa," nikamwambia. "Lete mkono wa pili."